Stendi ya sanduku ya kuchorea nje: inaufaa Mlima, haifai kila kazi

Stendi ya sanduku, ile ya mbao yenye miguu mitatu inayokunjwa hadi ikawa begi la kushika mkononi, huenda ndicho kitu ghali kuliko vyote atakavyonunua mtu anayeanza kuchora mandhari kwa rangi za mafuta. Kwa mchoraji wa Moshi au Arusha anayetaka kuutoa Mlima Kilimanjaro kama anavyouona, na si kama unavyotoka kwenye kadi za posta, nasema ainunue. Ila ainunue akijua ni ya kazi gani: kuchukulia rasimu ndogo za rangi pale pale nje, mandhari ikiwa mbele yake. Picha kubwa ya ukutani inafanyiwa ndani. Wengi wanaoilaumu stendi hii wameitwisha mzigo usio wake.

Ugawaji huo wa kazi haukuanza jana. Mwingereza John Constable, mmoja wa wachoraji wakubwa wa mandhari kwa uhalisia, aliufuata karibu maisha yake yote ya kazi. Alizaliwa mwaka 1776 kijijini East Bergholt, Suffolk, baba yake akiwa mwenye vinu vya kusagia nafaka, na mto, vinu na mashamba ya huko ndivyo alivyovirudia miaka nenda miaka rudi. Nje alikuwa akipakata kisanduku cha rangi magotini, karatasi ameibana kwa pini ndani ya kifuniko kilichofunguliwa. Mwaka 1821 na 1822, akiwa Hampstead, alichora mawingu matupu, rasimu baada ya rasimu, na nyuma ya nyingi akaandika tarehe, saa na upepo ulikokuwa ukitokea. Mwaka huo huo wa 1821 alionyesha The Hay Wain, yenye upana wa sentimita 185 na kimo cha 130. Hiyo hakuichorea mtoni. Aliichora London kwa kutumia rasimu alizokwisha kukusanya, pamoja na rasimu nyingine ya rangi yenye ukubwa ule ule wa picha yenyewe. Onyesho la London halikuipatia mnunuzi. Paris, mwaka 1824, ikamletea medali ya dhahabu. Royal Academy, chuo cha sanaa cha London alikoingia kama mwanafunzi mwaka 1799, ilimpa uanachama kamili mwaka 1829 akiwa na miaka 52, miezi michache baada ya kufiwa na mkewe Maria. Ni kweli aliwahi kuchora picha nzima nje, kama ile ya ujenzi wa mashua ya mwaka 1815, lakini hiyo ina upana wa sentimita 60 tu na kidogo. Zile kubwa za futi sita, kama The Hay Wain, zilikuwa kazi ya ndani.

Kwa hiyo ukiona picha ya tangazo, stendi imebeba kanvasi ya karibu mita moja katikati ya shamba, usishawishike. Inaibeba kweli, ila upepo ukija kanvasi inakuwa tanga.

Ya kawaida ya mbao ya biichi, ikiwa imekunjwa, ina urefu wa sentimita 55 hivi, upana wa 40 na unene wa 15 au zaidi kidogo. Ikiwa tupu ina kilo sita hadi saba; ukitia rangi, brashi, mafuta na vibao vya kuchorea unakaribia kumi. Ipo pia ya nusu, yenye droo fupi, ambayo ni nyepesi zaidi, na kwa anayepanda daladala au bodaboda kwenda kuchora naona hiyo ndiyo ya kuchukua. Hasara yake ni nafasi ya droo, na rasimu haihitaji droo kubwa.

Kuifungua kuna utaratibu, na anayeukiuka ndiye anayevunja bawaba. Ilaze chini miguu ikitazama juu. Toa miwili ya mbele, vuta vipande vya ndani hadi kimo unachotaka, kaza. Halafu wa nyuma. Ndipo uisimamishe, uinue kibao cha kushikia picha, ukaze nati za pembeni, uvute droo nusu na ulaze paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, juu yake. Kwa aliyezoea ni dakika tatu au nne. Kwenye mteremko, miguu miwili iwe upande wa bonde na mmoja upande wa juu. Kwa aliyesimama pembeni mwa Moshi akiukabili Mlima hilo linajipanga lenyewe, maana ardhi inapanda kuelekea kaskazini. Kisha ning'iniza mfuko wa mawe wa kilo tatu hadi tano katikati ya miguu. Usiuone ni mzigo wa ziada. Bila huo, upepo mmoja unailaza picha kifudifudi vumbini, na chembe za vumbi kwenye rangi mbichi hazitoki.

Udhaifu wa kwanza ni nati za masikio. Zikikazwa kwa nguvu mbao inabonyea, kisha kila siku unaongeza nguvu hadi nyuzi zinalika. Weka washa pana chini ya kila nati tangu siku ya kwanza. Wa pili ni unyevu: masika, kuanzia Machi hadi Mei, mbao inavimba na vipande vya miguu vinagoma kutoka. Sugulia nta ya mshumaa kwenye mifereji, usipake grisi, kwa kuwa grisi inashika vumbi na kugeuka msasa. Wa tatu ni kishikizo cha droo, ambacho hakivumilii mtikisiko wa pikipiki. Funga sanduku zima kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko miwili.

Paleti inakuja na mbao kavu. Ukiitumia hivyo inafyonza mafuta kutoka kwenye rangi, nayo rangi inakuwa nzito na butu kabla hujamaliza anga. Ipake mafuta ya kitani kwa kitambaa, ifute, iache ikauke, urudie mara tatu. Vitambaa hivyo usivikunjekunje ukavitupa pembeni. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofungamana kinaweza kuwaka chenyewe. Kianike kikiwa kimetandazwa, au kitie kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Sasa saa za kazi, maana hapa ndipo stendi inapolipa gharama yake. Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, mara nyingi iko wazi alfajiri, jua linatoka kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, na wingu huweza kuwa limeifunga kabla ya saa nne. Tuko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapanda karibu wima na vivuli vinafupika upesi. Kibao cha sentimita 20 kwa 30 kinatosha kabisa kwa nafasi hiyo. Kwanza weka mstari wa milima, Kibo kushoto na Mawenzi kulia ukiwa Moshi, halafu funga maumbo ya vivuli kwa rangi nyembamba iliyozimuliwa kwa tapentaini kidogo. Ukishayafunga, usiyabadilishe hata jua likihama. Anayekimbizana na kivuli anamaliza na mlima wenye majua mawili.

Kosa linaloonekana kwenye picha nyingi za Mlima zinazouzwa mjini ni giza. Kilele kiko kama kilomita 30 kutoka Moshi, na hewa ya katikati inapausha kila kitu. Msitu wa mlimani, hata upande wa kivuli, ni mweupe kuliko kivuli cha mgomba ulio mita 20 mbele yako. Hakikisha kwa kisu cha kuchanganyia: chota rangi uliyoichanganya, nyoosha mkono, ielekeze ncha pembeni mwa mteremko wenyewe, fumba jicho moja. Ikiwa rangi ya kisuni inaonekana kama tundu jeusi, ongeza nyeupe na chembe ya bluu, ujaribu tena. Vivuli vya theluji ni nyeupe, ultramarini (bluu iliyokolea), alizarini (nyekundu iliyokolea) kwa ncha ya brashi, na siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) kidogo sana ya kuituliza.

Ili kipimo hicho kiwe cha kweli, kibao na paleti vyote viwe kivulini. Kibao kikipigwa na jua utachanganya rangi nzito mno, na ukiingia ndani picha inakuwa usiku. Mwavuli uwe mweusi au wa kijivu. Ile myekundu na ya bluu ya matangazo inapaka kivuli chake juu ya kila rangi unayochanganya.

Rangi zenyewe si lazima ziwe nyingi: nyeupe ya titaniamu, manjano ya kadimiamu, oka ya manjano, siena iliyochomwa, alizarini na ultramarini. Ultramarini na siena vinakupa weusi bora kuliko weusi wa tyubu. Tyubu hizi, kwa njia, ni neema ambayo Constable hakuipata. Alifariki mwaka 1837, na Mmarekani John Goffe Rand akapata hataza ya tyubu ya bati mwaka 1841. Kabla ya hapo rangi iliwekwa kwenye vibofu vya nguruwe. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi ukiomba rangi ya mafuta utapewa ya milango. Hiyo ina kazi yake, na wachoraji wa Tingatinga wameifanyia maajabu juu ya hadibodi, lakini inashika upesi na haikubali kulainishwa ukingo wa wingu. Wala usiitumie kama msingi chini ya rangi za tyubu: uso wake unateleza, na rangi ya juu itabanduka.

Vibao ni hadibodi ya milimita tatu, upande laini ukwaruzwe kwa msasa, upakwe jeso, rangi nyeupe ya msingi, mara tatu. Rasimu nyembamba inashikika baada ya wiki moja au mbili. Picha yenye rangi nene isubiri miezi sita hadi mwaka ndipo ipakwe vanishi.

Je, fundi seremala anaweza kuiiga? Sanduku na miguu, ndiyo, na kwa mtiki inadumu kuliko ya biichi. Mninga nao ni mzuri. Pande na sakafu ziwe plaiwudi ya milimita sita. Kinachoshinda wengi ni vifaa vya shaba vya kukunjia, hivyo mpelekee fundi stendi yenyewe aipime, picha ya simu haimtoshi. Njia ya bei nafuu ni sanduku dogo lisilo na miguu, lenye nati ya robo inchi chini yake, linalofungwa juu ya stendi ya kamera.

Kabla ya kulipa, ifungue yote pale dukani. Vuta miguu hadi mwisho, kaza, uegemee kwa mkono: ikiteleza, nati hazishiki. Tazama kama droo inakwenda sambamba, na kama vishikio vya juu na chini vinabana kibao chembamba cha milimita tatu, kwa sababu vingi vimetengenezwa kwa ajili ya fremu ya kanvasi na kibao kinachezacheza. Ikiwa kasoro ni hiyo tu, chukua: kipande cha mpira kwenye kishikio kinaimaliza.