Ampu ya valvu ya kwanza kujiundia: ununue ipi ukiwa Kisumu?

Wapiga gitaa wengi wa Nyanza na Magharibi wanaotaka kujiundia ampu ya valvu, yaani kikuza sauti kinachotumia mirija ya kioo badala ya transista, huanza kwa kuuliza wati ngapi. Mimi huwaambia waulize kwanza habari za transfoma, kile kipuri kinachobadilisha volti. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Seti nyingi za vipuri zinazouzwa mtandaoni zimetengenezewa Marekani, ambako ukutani kuna volti 120 na hezi 60. Chomeka transfoma ya volti 120 kwenye soketi ya Kondele, na kila volti ndani ya ampu itapanda maradufu hadi fyuzi ikatike, au kitu cha bei zaidi kiungue. Transfoma ya nje ya kushusha umeme hupunguza volti lakini hezi hubaki 50, na transfoma iliyoundiwa hezi 60 pekee inaweza kupata joto kupita kiasi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji akuthibitishie kwamba transfoma ina waya wa volti 240. Ule wa 220 pekee haunipendezi. Ukiulisha 240, valvu zinazotaka volti 6.3 za kupashia moto zitapata karibu 6.9, na hapo umefika ukingoni mwa kinachovumilika. Wauzaji wa Uingereza na Ujerumani wamezoea umeme wa aina yetu, kwa hiyo huwa naanzia kwao.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya 5F1, bila kabati wala spika. Hii ni saketi ya Fender Champ ya miaka ya 1950. Ina valvu tatu tu: 12AX7 inayopokea sauti ndogo ya gitaa na kuikuza, 6V6 inayosukuma spika, na 5Y3 inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Nobu ni moja, ya sauti. Nguvu ni wati 5 hivi. Vipuri ni vichache kiasi kwamba waya ukienda pasipofaa unaweza kuufuata kwa kidole kutoka soketi ya gitaa hadi spika na kuuona. Kwa anayeanza, hilo nalithamini kuliko wati. Muuzaji akikupa chaguo, chukua ile ya kuunganisha kwa mkono kwenye ubao wa vijicho (vitundu vyenye pete za chuma), uache ile ya bodi iliyochapwa. Ubao wa vijicho husamehe: unaweza kutoa kipuri kama rezista na kukirudisha mara kadhaa bila kuharibu kitu.

Kabati usiliagize. Ni zito, nauli yake inauma, na VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya bei, nauli na ushuru kwa pamoja. Mafundi wa mbao wa Kibuye watakutengenezea vizuri ukiwapelekea vipimo. Omba saipresi iliyokauka kabisa, unene wa robo tatu ya inchi, pembe ziungwe kwa meno. Ampu za zamani za aina hii zilitumia msonobari, na saipresi yetu ni nyepesi na laini vivyo hivyo. Mvule unapendeza macho lakini utakuchosha mabega. Mbao mbichi kataa hata ukipunguziwa bei, maana itapinda. Spika iwe ya gitaa, inchi 8, na omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilingane na zile za transfoma ya kutolea sauti, ile inayounganisha valvu ya nguvu na spika. Wufa ya gari humeza noti za juu, na kwa mpiga benga hapo ndipo utamu wote ulipo.

Wati 5 zinatosha nyumbani, studio, na hata kanisani ukiweka maikrofoni mbele ya spika. Mbele ya ngoma hazitoshi, na ukizisukuma sana sauti huanza kukwaruza.

Ya pili ni seti ya wati 18 yenye valvu mbili za nguvu za EL84, saketi ya aina iliyouzwa na Marshall katikati ya miaka ya 1960. Hii inasimama na bendi. Waya ni nyingi zaidi, kwa hiyo inamfaa aliyekwisha kushika solda ya kutosha kwenye kazi nyingine.

Ya tatu ni kukusanya vipuri kimoja kimoja. Rezista utapata mjini au Luthuli Avenue, Nairobi. Kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme, ni kazi: unahitaji za volti 450 au zaidi. Kigumu zaidi ni transfoma ya kutolea sauti. Katika ampu ya valvu moja ya nguvu, umeme wa DC hupita ndani yake muda wote, kwa hiyo chuma chake lazima kiachwe na mwanya mdogo. Fundi hodari wa kusuka mota anaweza asijue hilo.

Zile bodi ndogo za Kichina za valvu za 6J1 zinazotumia volti 12 naziweka ya nne. Hazisukumi spika. Nunua moja ya kujifunzia solda, basi.

Ya mwisho kabisa ni redio kuukuu ya babu. Najua inavutia. Lakini baadhi ya redio hizo hazina transfoma ya umeme, na chasisi yake imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukiunga gitaa hapo, nyuzi zinaweza kukuua. Mwachie fundi mzoefu.

Tenga pesa za usalama kabla ya pesa za valvu. Ndani ya 5F1 kuna zaidi ya volti 300, na kapasita huzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Nunua multimita nzuri ya volti 600 na rezista ya kumwaga umeme, kisha pima hadi isome chini ya volti 10 ndipo utie mkono. Waya wa ardhi ufungwe kwa boliti kwenye chasisi, na mwite fundi wa umeme aikague soketi yenyewe. Nyumba nyingi za kupanga zina matundu matatu ukutani huku lile la ardhi halijaungwa popote.

Tafuta pia balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60, uiunge mfululizo na ampu siku ya kwanza, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo uingie kwenye ampu. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, kuna shoti. Ya LED haifanyi kazi hii.

Na spika iwe imeungwa kabla ya kugusa swichi. Ampu ya valvu ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na hiyo utaiagiza upya ng'ambo, pamoja na nauli na ushuru wake.