Ushongo, Pangani: nendeni, ila ulizeni maji kwanza

Mama alipostaafu ualimu aliniomba kitu kimoja: pwani isiyo na muziki. Nikampeleka Ushongo, tukalala usiku tatu.

Kutoka Pangani mjini unavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha bajaji kilomita kama 16 za vumbi na minazi. Ukifika, ufukwe wote ni wako. Asubuhi ya kwanza tulikutana na watu wawili tu, wakivuta ngalawa.

Banda letu la makuti lilikuwa safi, shuka zikinukia jua. Chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Nilisema asubuhi, kabla ya adhuhuri wakaleta kingine. Chakula cha jioni agiza mapema, maana mpishi hununua kwa wavuvi. Changu wake wa kupaka sijamwonja kwingine: amebanikwa mkaani kwanza, tui zito likamiminiwa mwishoni, ukwaju ukisikika kwa mbali.

Kilichoniudhi ni safari ya Maziwe. Kile kisiwa zamani kilikuwa na mivinje. Sasa ni fungu la mchanga, na maji makubwa yakijaa kinafunikwa chote. Siku yetu ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, na aliyetuuzia safari alilijua hilo. Akatufikisha saa saba mchana, maji yanapanda. Hatukukaa hata nusu saa, mchanga unapungua tunauona, mama ameshika viatu mkononi. Hela tulilipa ya siku nzima. Ningeambiwa tutoke asubuhi, ningetoka. Kwa hiyo ukiona mwezi mpevu au mwandamo, muulize nahodha saa ya kupwa kabla hujatoa shilingi.

Ila maji hayohayo ndiyo yaliyotupa jioni ya mwisho. Kasa wakitaga Maziwe, mayai yangeoza kwa kufunikwa, hivyo walinzi huyahamishia ufukweni Ushongo, yanakaa siku kama 60. Tuliitwa saa kumi na moja kuona watoto wakitoka. Mchanga ulititia katikati, kikatokea kichwa cheusi kidogo kuliko kidole gumba, kisha wakamwagika kwa makumi, wakipiga mapezi kuelekea majini. Mmoja alitumbukia kwenye alama ya unyayo wangu, akahangaika, akapanda. Mlinzi alikuwa ametukataza kugusa. Mama alichutama, akakusanya pindo la kanga yake lisiwazibie njia, hakusema neno mpaka wa mwisho alipochukuliwa na wimbi.