Eyam, kijiji kilichojifungia na tauni: uzoefu wangu

Kwa ndugu zangu mnaoishi Sheffield, Manchester na Derby: mkipata siku ya mapumziko, acheni maduka mwende Eyam. Kijiji kiko ndani ya hifadhi ya Peak District, mkoa wa Derbyshire, kilomita kama 20 kutoka Sheffield, na basi linakushusha humo humo kijijini. Nimetembelea vijiji kadhaa vya Uingereza vinavyosifiwa kwa nyumba nzuri, nikapiga picha, nikaondoka. Hiki narudi, na kila nikipata mgeni kutoka nyumbani, nampeleka.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1665 jora la kitambaa lilitoka London, mji uliokuwa unateketea kwa tauni, likafika kwa fundi nguo wa hapa likiwa limelowa. George Viccars, msaidizi wake, akalianika mbele ya moto. Viroboto wenye tauni walikuwamo. Tarehe 7 Septemba Viccars akazikwa, na katika nyumba ile aliyenusurika ni mama mmoja tu, Mary Hadfield. Nyumba bado imesimama, hatua chache kutoka kanisani, na mbele yake kuna kibao cha kijani chenye majina ya waliofia humo. Simama nje, soma, usiingie kwenye bustani: ni makazi ya watu.

Juni 1666 ndipo wanakijiji wakaamua kujifungia, tauni isije ikaenea vijiji vya jirani. Kasisi William Mompesson alikuwa kijana wa miaka 28, mgeni, na wengi hawakumpenda. Moyo wao ulikuwa kwa Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyeondolewa kwa msimamo wake wa dini. Wawili hawa walitofautiana kabisa, lakini kwa hili walisimama bega kwa bega mbele ya watu. Wakakubaliana mambo matatu: asitoke mtu, ibada ihamie uwanjani kwenye bonde la Cucklet Delf, na kila familia izike wafu wake yenyewe karibu na nyumbani.

Hilo la tatu ndilo linalonikaa rohoni. Sisi tumelelewa kujua kwamba msiba ni wa mtaa mzima; kuna wa kuosha, wa kuchimba, wa kupika, na aliyefiwa haachwi peke yake. Sasa tembea mashariki ya kijiji, upande kidogo, mpaka Riley Graves. Ni makaburi ndani ya ukuta wa mawe wa mviringo, katikati ya malisho. Agosti 1666 Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake. Mwaka 2020 wengi wetu tulio ughaibuni tulizika wazazi kwa kutazama simu. Nilisimama pale nikamwombea mwanamke ambaye hata dini yetu si moja, na sikuona ajabu.

Njia nyingine, ile ya kuelekea Stoney Middleton, inakufikisha kwenye jiwe la mpaka. Lina vishimo sita. Watu wa Eyam walitia humo sarafu ndani ya siki, waliyoamini inaondoa maradhi, jirani wakaacha chakula wakachukua pesa. Tia kidole ndani ya kishimo kimoja, utasikia kingo zimelainika kabisa. Earl wa Devonshire, mwenye kasri la Chatsworth, naye alileta mahitaji. Lakini kifo cha mwisho kilikuja Novemba 1666, baada ya watu 260. Catherine, mke wa Mompesson, aliwatoa watoto wao kijijini mapema, yeye akakataa kumwacha mumewe. Alifariki Agosti, na kaburi lake liko uani kwa kanisa la St Lawrence, karibu na msalaba wa mawe wa karne ya 8.

Makumbusho ya kijiji yalifunguliwa mwaka 1994 katika kanisa la zamani la Wamethodisti. Utayajua kwa chuma cha kuonyesha upepo juu ya paa, kilichochongwa umbo la panya. Ni madogo, na nasema bila kusita kwamba yamenifundisha kuliko majumba makubwa niliyolipia ghali. Tauni imeelezwa familia kwa familia, kwa majina, ila kuna pia machimbo ya madini ya risasi, ufumaji wa hariri na utengenezaji wa viatu, kazi zilizokilisha kijiji hiki. Anza hapa kabla ya kutembea. Makaburi yatakuwa na wenyewe.

Na wanakijiji hawakuliacha hili kwa watalii. Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti wanafanya ibada ya kumbukumbu palepale Cucklet Delf. Msimu huohuo wanapamba visima: ubao mkubwa unajazwa udongo wa mfinyanzi uliolowa, kisha petali za maua, majani na mbegu zinabandikwa moja moja mpaka itokee picha kamili. Sogea karibu uone petali zilivyopandiana kama magamba ya samaki. Kazi yote hiyo hudumu siku chache tu, udongo ukikauka inakwisha. Kuna pia gwaride la sherehe, watoto wakiwa mbele.

Upungufu upo. Njia ya kupanda kwenye kisima cha Mompesson, mahali pengine jirani walipoacha chakula, ni mlima hasa, na mvua ikinyesha mashamba yanakuwa tope tupu. Mwenye magoti mabovu au kigari cha mtoto abaki kijijini, ambako bado kuna ya kutosha. Mgahawa mmoja ulitufungia mlango mapema tukiwa na watoto wenye njaa, kwa hiyo beba chapati na chupa ya chai. Mabasi ni machache, hasa Jumapili, na la mwisho likikupita ni teksi ya bei kubwa.

Wenye magari, eneo la kuegesha liko mkabala na makumbusho, hujaa upesi wakati wa visima. Mimi napendelea kufika asubuhi, siku ya kazi. Angalia kwanza siku za kufunguliwa, maana wakati wa baridi makumbusho hufungwa.