Évora kwa siku moja: uzuri mwingi, haraka nyingi

Nilienda Ureno kumuona yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, akanilipia matembezi ya siku moja kutoka Lisbon hadi Évora. Basi lilikuwa safi, na kiongozi alieleza mambo kwa Kifaransa kizuri.

Kilichonishika moyo ni hekalu la Waroma, la karne ya 1. Nguzo 14 bado zimesimama, mwili wa granito, vichwa vya marumaru. Lilisalimika kwa sababu watu walijaza kuta katikati ya nguzo wakaendelea kulitumia. Hadi karne ya 19 lilikuwa bucha! Nilikumbuka nyumba zetu za zamani hapa Bukavu, zile za enzi ya Wabelgiji, tunavyozibomoa bila hata kuzipiga picha. Iliniuma kweli.

Mfereji wa maji, uliokamilika 1537, unaingia mjini juu ya matao, na ndani ya matao hayo kuna nyumba. Mama mmoja alikuwa akifagia mlango wake chini ya jiwe la miaka karibu 500.

Lakini Kanisa la Mifupa, lenye kuta zilizofunikwa kwa mifupa ya watu, tulipewa dakika 15 tu. Mlangoni pameandikwa: "Sisi mifupa tuliopo hapa, tunaingojea yenu." Nilitaka kusali kidogo, nikaitwa basini. Halafu saa nzima tukakalishwa kwenye duka la mikoba!

Ukienda, panda treni mwenyewe, ulale huko usiku mmoja. Vaa viatu vigumu. Mawe ya njiani yanateleza kama miteremko ya Kadutu, hapa Bukavu, baada ya mvua.