Baiskeli ya umeme isiyo na gia, hapa Moshi: fungua nati ya nyuma kabla hujatoa hela

Usinunue. Hilo ndilo neno lililonitoka masika yaliyopita, na hasira bado haijaisha. Baiskeli yenyewe haina kosa kubwa. Kilichoiua ni washa moja ya gurudumu la nyuma, kipande kidogo cha chuma ambacho kiwandani au dukani hakuna aliyejali kukiweka inavyotakiwa. Waya wa mota umekatika, kontrola, kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa mota, imeungua, na fundi wa duka lililoniuzia hata kuinama hakuinama. Alitazama tope kwenye tairi akasema, "Mangi, hiyo imeingia maji, na maji hayamo kwenye waranti." Nikamwomba afungue nati aone. Akajibu hana muda wa kufungua kitu anachokijua.

Hakijui. Ngoja nieleze.

Baiskeli hizi nyingi zina mota ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli, kile chuma cha katikati kinachoshika gurudumu kwenye fremu, nayo inasukumwa kuzunguka kurudi nyuma kwa nguvu ileile. Kwenye baiskeli ya kawaida ekseli haina shida hiyo, nati tu zinatosha. Hapa, kila ukipiga resi, ekseli inataka kujizungusha. Ndiyo maana ekseli ya mota haikuachwa duara kamili: unene wake ni milimita 12, lakini pande mbili zimechongwa bapa zikabaki milimita 10, ili zibanwe na mkato wa fremu unaoishika. Na ndiyo maana kuna washa yenye jino. Jino linatakiwa kuingia ndani ya mkato huo. Kwenye ya kwangu jino lilikaa nje, juu ya rangi, kwa hiyo nati ilikuwa inabana jino badala ya kubana fremu.

Kinachofuata hakina muujiza wowote. Nati inalegea kidogo, ekseli inapata mchezo, inaanza kugonga kingo za mkato kila unapoondoka. Mkato unapanuka. Halafu unakuja mlima, mota inavuta kwa nguvu zote, ekseli inazunguka nzima. Na waya wa mota unatokea katikati ya ekseli hiyohiyo, kwa hiyo unasokotwa kama kamba ya mkonge na kukatwa na ukingo wa nati. Ndani ya waya huo kuna nyaya 3 nene za mota na 5 nyembamba za sensa, zinazoiambia kontrola mota imezunguka hadi wapi. Zile za sensa ni za volti 5. Zile nene zinabeba umeme wa betri, na betri ya volti 36 ikijaa inafika 42. Maganda yakichubuka zikagusana, umeme mkubwa unaingia kwenye njia ya volti 5. Sensa zinakufa, kontrola inakufa nazo.

Maji huingia, sikatai. Yanateleza juu ya waya hadi kwenye ekseli, na ukishafungua mota unakuta kutu na unyevu. Lakini maji hayasokoti waya. Fundi anayejua kazi angetofautisha kwa kuangalia tu, bila hata kipimo.

Kama unayo tayari, rekebisha leo. Chomoa kwanza plagi ya waya wa mota, kisha legeza nati zote mbili. Nyingi ni spana namba 18, nyingine 19. Kama kuna rangi nzito ndani ya mkato, iondoe kwa tupa, kidogo tu, mpaka ekseli ikae ndani kabisa. Rudisha washa, jino likiwa ndani ya mkato. Hiyo peke yake haitoshi kwa mtu wa Moshi anayepanda milima. Mwombe fundi wa kuchomelea akukatie bamba la chuma la unene wa milimita 6, lenye tundu bapa la milimita 10 lililopigwa tupa taratibu hadi ekseli iingie kwa kubana, na mkono wa kama sentimita 10 unaofungwa kwenye bomba la fremu kwa klempu ya chuma. Aluminiamu hapana, tundu lake litapanuka. Likicheza hata kidogo kwenye ekseli, kata jingine. Nati ikazwe kwa nyutoni-mita 35 hadi 40. Kwa spana ya sentimita 20, huo ni uzito wa kama kilo 20 mwisho wa mkono wa spana. Tembea kilomita 50 hivi ukaze tena, kwa sababu rangi iliyo chini ya washa inasagika na nati inalegea yenyewe. Waya nao uushushe chini kwanza ndipo upande kuelekea kontrola, ili maji ya masika yadondoke kabla ya kufika kwenye ekseli.

Sasa suala la gia, na hapa msimamo wangu unayumba.

Tuseme sproketi ya mbele ina meno 44 na friwili ya nyuma 18, tairi la inchi 26. Kila ukikanyaga duara moja unasogea kama mita 5. Kwa miduara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 18 kwa saa, raha tupu. Pasua, Njoro, Majengo, kushuka na kurudi Mbuyuni, hata tambarare ya kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, sioni gia ungezitumia wapi. Cheni ni ileile pana ya baiskeli za kawaida, friwili ni ya kuskrubu, na kila fundi wa mtaani anazo. Hakuna kifaa cha kubadilisha gia cha kujaa vumbi na kupinda. Kuchaji betri ya ampea-saa 10 kutoka sifuri hakufiki nusu uniti ya Luku. Kwa watu wa huko chini, nafuta nilichosema mwanzo: inunue.

Kibosho na Uru, huko juu mlimani, ni habari nyingine. Kasi ikishuka hadi kilomita 8 kwa saa, kwa meno hayohayo miguu inazunguka mara 26 tu kwa dakika. Huo si uendeshaji, ni kupanda ngazi na mzigo. Unaiachia mota. Nayo ikizunguka polepole inameza ampea zote ambazo kontrola inaruhusu, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto badala ya mwendo. Kila mita 100 za kimo unazopanda, si za urefu wa barabara, mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 25 anakula wati-saa kama 40, ukihesabu na upotevu, wakati betri nzima ina 360. Kuweka friwili ya meno 22 kunasaidia: miguu inafika mara 32 kwa dakika. Inasaidia, haiponyi. Barabara ya hospitali ya KCMC inavumilika kwa friwili hiyo ukikanyaga muda wote. Zaidi ya hapo, tafuta yenye gia, au yenye mota katikati kwenye pedali.

Kwa hiyo nunua? Ndiyo, ukikaa chini. Hapana, nikikumbuka yule fundi. Ukienda dukani beba spana, omba nati ya nyuma ifunguliwe mbele yako, angalia jino la washa. Kisha kaa juu, bana breki ya mbele, piga resi kidogo sana kwa sekunde moja huku mwenzako akitazama ncha ya ekseli. Ikitikisika, rudisha hela mfukoni. Isipotikisika, waandike kwenye risiti kwamba waya wa mota na kontrola vimo kwenye waranti. Wakianza habari ya maji, waulize imeandikwa wapi, na maji yanasokotaje waya.