Uzoefu wangu: Picha za mabingwa wa sataranji kutoka Nationaal Archief ya Uholanzi

Kama unataka kutundika Botvinnik, Tal au Fischer kwenye ukuta wa klabu bila kununua haki za picha, anza na Nationaal Archief, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uholanzi, na humo nenda moja kwa moja kwenye mkusanyo wa Anefo. Anefo lilikuwa shirika la picha za habari, na picha zake ni za 1945 hadi 1989. Miaka hiyo mashindano makubwa hayakukauka Uholanzi: ubingwa wa dunia wa 1948 ulianzia Den Haag kabla ya kuhamia Moscow, Olimpiadi ya sataranji ya 1954 na mashindano ya 1956 ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia yakafanyika Amsterdam, na kila mwaka kulikuwa na mashindano ya Hoogovens, kwanza Beverwijk, kisha Wijk aan Zee kuanzia 1968. Usitafute humo picha za Euwe akimvua Alekhine taji mwaka 1935, wala za mashindano ya AVRO ya 1938. Anefo halikuwapo bado.

Mkusanyo huu naupa nyota nne kati ya tano. Ubora wa picha zenyewe hauna shida. Shida ni maelezo yake na nakala zinazozagaa mtandaoni.

Utafutaji unahitaji Kiholanzi kidogo. Ukiandika "chess" utaambulia makombo. Andika "schaken" (sataranji), "schaaktoernooi" (mashindano ya sataranji) au "simultaan" (mmoja akicheza na wengi kwa pamoja). Majina ya wachezaji wa Kisovieti nayo yana tahajia zake: Botwinnik, Petrosjan, Spasski, Kortsjnoi. Tahajia hubadilika kutoka picha moja hadi nyingine, kwa hiyo jaribu zote. Kwenye maelezo, "links" ni kushoto, "rechts" ni kulia, "tegen" ni dhidi ya, na "v.l.n.r." ni kutoka kushoto kwenda kulia. Ukipata picha nzuri, chukua namba yake. Za Anefo huanza na 2.24.01, halafu hufuata namba ya picha: tarakimu tatu, kistari, tarakimu nne. Picha za tukio moja mara nyingi hufuatana kwa namba, basi ongeza au punguza moja mwishoni uone jirani zake. Hapo ndipo hupatikana zile ambazo hazijasambaa: mchezaji anavuta sigara kando ya meza, au watazamaji wamebanana nyuma ya kamba.

Sehemu kubwa ya Anefo imetolewa kwa CC0, yaani unachapisha na hata kuuza bila kuomba. Lakini hifadhi hiyohiyo ina mikusanyo mingine ambayo haki bado zina wenyewe, hivyo soma mstari wa leseni wa kila picha. Kwenye Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha huru, kuna nakala nyingi za Anefo, baadhi zikiwa ndogo kuliko faili la hifadhi yenyewe. Linganisha ukubwa kabla ya kushusha.

Sasa maelezo. Usiyaamini kabla ya kukagua picha, hasa iwapo imegeuzwa kama kwenye kioo. Kagua kona ya ubao: mkono wa kulia wa kila mchezaji lazima kuwe na mraba mweupe. Kama ubao umefichwa na mikono, angalia koti la mwanamume, mfuko wa juu hukaa kifuani kushoto. Saa ya mchezo nayo husema, maana tarakimu zake zitasomeka kinyume. Kwa Tal kuna alama ya uhakika zaidi: alizaliwa na vidole vitatu kwenye mkono wa kulia. Ukiona mkono huo uko kushoto, picha imegeuzwa, na "links" na "rechts" za maelezo hazitakubaliana nayo.

Kutambua mchezo kwa kulinganisha kete na rekodi za michezo kunawezekana, ila wapiga picha kwa kawaida huruhusiwa dakika za mwanzo tu. Utakuta hatua tatu nne zimechezwa, na ufunguzi huo huenda wawili hao waliucheza mara kadhaa. Chini ya hatua kama nane, usiandike tarehe kwa kutegemea ubao peke yake.

Kwa Fischer dhidi ya Tal, Olimpiadi ya Leipzig 1960, itabidi uende Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani. Picha ile ni ya Ulrich Kohls: Fischer ana miaka 17, Tal ni bingwa wa dunia, na mchezo wao uliisha sare. Leseni yake ni CC BY-SA 3.0, hivyo jina la mpiga picha na namba ya picha (Bild) lazima viandikwe. Kikwazo ni ukubwa. Picha ambazo Bundesarchiv iliipa Commons zina pikseli 800 upande mrefu, sawa na sentimita 6.8 hivi kwa pikseli 300 kwa inchi. Zinafaa jarida, ukutani hapana.

Hesabu ya uchapishaji ni hiyohiyo kwa picha yoyote: A4 inataka pikseli 2480 kwa 3508, A3 inataka 3508 kwa 4961. Kwa picha ya kutazamwa kutoka mita mbili, hata 200 kwa inchi inatosha. Faili likipungua, punguza karatasi. Usilipitishe kwenye programu za akili bandia za kuongeza ubora. Hubuni kete: askofu anageuka kitunda, ile kete ndogo ya mbele, msalaba wa mfalme unayeyuka, na uso wa Petrosian unakuwa wa mtu mwingine. Vumbi na mikwaruzo viondoe kwa mkono, ukiacha chembechembe za filamu zilivyo.

Studioni, sema mapema mambo mawili: wazime marekebisho ya kiotomatiki ya rangi, na wachapishe kipande kidogo cha majaribio kwanza. Mashine ya rangi ikichapa nyeusi na nyeupe bila kurekebishwa hutoa kivuli cha kijani au zambarau kwenye makoti meusi. Karatasi ichukue isiyong'aa, la sivyo taa za ukumbini zitafunika uso wa mchezaji.

Zile picha maarufu za Fischer huko Iceland mwaka 1972, alizopiga Harry Benson, hazimo kwenye mkusanyo huu. Hizo hulipiwa.