Darasa la Kiingereza la jioni hapa Tanga: nimetajiwa mama yangu mbele ya watu

Sitaficha, naandika nikiwa na hasira. Mara mbili nimeandika nikafuta, nikijiambia ngoja zipoe. Hazipoi. Basi acha niandike zikiwa moto hivi hivi.

Nilijiunga na darasa la jioni la Kiingereza kwa watu wazima, kwenye kituo kimoja kilicho ghorofani kule Ngamiani. Jina silitaji, maana shauri langu nao halijaisha. Ilikuwa baada ya Idi. Ada ni 60,000 kwa mwezi, na kwa hamu niliyokuwa nayo nikalipa ya miezi miwili kwa mkupuo. Habari za siku ngapi kwa wiki na kitabu gani wanatumia, tangazo limebandikwa pale mlangoni, mtu atasoma mwenyewe.

Mjue kwanza kilichonipeleka. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni upande wa Raskazone. Zamani wageni wetu walikuwa wafanyabiashara wa Dar na Arusha, na maofisa wa semina. Tangu lianze kujengwa hili bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka hapa kwetu Chongoleani, simu inalia na anayeongea hujui hata katokea pande gani za dunia. Usiku mmoja akapiga mwanamume. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Akaniuliza, "So you don't have a room?" Nikamjibu, "Yes." Kwangu mimi nilikuwa namwambia ndiyo, hatuna, ulivyosema ndivyo. Saa tano usiku akashuka kwenye teksi na mwenzake, mabegi manne, wamechoka na safari. "You said yes!" Nilisimama pale kaunta sina la kusema. Bosi hakunifokea, ila kesho yake aliniambia, "Dada, tafuta pa kujifunza, la sivyo simu ya usiku nitampa mwingine." Na zamu ya usiku ndiyo yenye posho.

Kwa hiyo sikwenda pale kujipamba. Wala wenzangu. Tulikuwa kumi na mmoja. Kulikuwa na mzee fundi baiskeli, na anayeijua Tanga anajua fundi baiskeli katika mji huu ni mtu wa kuheshimiwa. Yeye wajukuu zake wako Uingereza, hawajui Kiswahili, kwenye simu wanaangaliana tu wakacheka mpaka salio linaisha. Kulikuwa na mama lishe wa karibu na bandari, mlinzi mmoja, vijana watatu wa malori. Watu wanaotoka kazini, wengine hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, wanapanda ngazi zile kuja kukaa kwenye viti vya plastiki.

Juu ya meza ya mwalimu kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa. Sheria ya kwanza siku ya kwanza: ukitamka neno la Kiswahili, 500. Neno moja, 500. Sikuona ubaya wake mwanzoni, nikasema ndiyo njia ya kutulazimisha. Lakini angalia kilichotokea. Mtu akitaka kuuliza "kwa nini hapa kuna s" anapiga hesabu kwanza: maneno manne ya Kiswahili hayo, 2,000. Na kuuliza kwa Kiingereza hawezi, angeweza asingekuja. Basi anameza swali lake. Mzee fundi alikaa wiki mbili hajafungua mdomo isipokuwa kusema "Good evening". Tulikuwa tunanakili ubaoni kama watoto, "I go, you go, she goes", na hakuna aliyejua kwa nini huyo wa mwisho anaongezewa mkia.

Sasa siku yenyewe. Mwalimu, kijana ambaye kwa umri namzaa, akasema kila mtu asimame aeleze habari za mtu anayempenda. Mimi nikamchagua mama yangu. Mama yangu ni marehemu, Mungu amrehemu. Nikasimama, daftari mkononi, nikaanza: "My mother, he was working in sisal..." Akanyoosha mkono kunikatiza. "He? Your mother is a he?" Sikumwelewa, nikadhani anataka niendelee. Nikasema, "Yes, he was..."

Akaweka kiganja chini ya kidevu chake, akawa anakivuta kama mtu anayechana ndevu, akasema kwa Kiswahili safi: "Kwani mama yako ana ndevu?"

Wale vijana wa nyuma wakacheka. Mlinzi akacheka. Mzee fundi hakucheka, aliinamia daftari lake. Mwalimu akaongeza, "Kaa chini. Ukishamjua mama yako ni nani, utasimama tena."

Nilikaa. Nikaliangalia kopo. Wallahi nilikuwa nalingoja. "Kwani mama yako ana ndevu", maneno matano, 2,500, achilia mbali yaliyofuata. Hakutumbukiza hata shilingi. Akafuta ubao, akamwita mwingine.

Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza mpaka leo. Kiswahili tulikatazwa kufundishwa nacho, yeye akaruhusiwa kututukania nacho.

Na amemtaja nani? Mama yangu alikuwa akianika singa kwenye shamba la mkonge, juani kutwa nzima. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa ya ngumbaru yakaenea mpaka mashambani, na mama akaingia, hajui a wala be. Wanasoma jioni chini ya mwembe, mikono imechubuka. Alikuwa akitusimulia kwamba mwalimu wao, kijana wa shule, alikuwa hawezi kuanza somo kabla hajawaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja. Na akikosea mtu, mwalimu anasema "turudie wote", ili yule aliyekosea asijulikane. Mama alisoma hivyo mpaka akaandika barua kwa mkono wake. Mimi mwanawe nimelipa 120,000 nikachekwa.

Nilirudi darasani kipindi kilichofuata kwa sababu hela yangu ilikuwa kule, si kwa kupenda. Na mjue kilichonipata. Niliogopa "he" kama moto. Kazini akaja mgeni wa kiume amesahau funguo, nikamwelekeza mhudumu, "She forgot the key," yule bwana amesimama mbele yangu ananitazama. Hofu ndiyo iliyoniingia, elimu haikuingia. Kama mngeniuliza wiki ile, ningesema kituo kile kifungwe, na kopo lake litupwe baharini.

Kisha mwalimu akasafiri, akaletwa binti wa kumshikia. Hapa itabidi niwe mkweli ingawa moyo hautaki, maana kituo ni kile kile na ada ni ile ile.

Binti aliingia akasema "Shikamooni", akasubiri tuitikie. Akalichukua kopo akaliweka dirishani. Akasema kwa Kiswahili: "Mtu akikwama, aulize kwa lugha yoyote. Akishaelewa, tutasema kwa Kiingereza." Basi. Mzee fundi aliuliza maswali manne jioni hiyo moja.

Alituonyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria maisha yangu yote. Akasema, "Ukisema 'amekuja', umesema ni mwanamume au mwanamke?" Tukanyamaza. Hujasema. Kiswahili hakiulizi, yeye ni yeye. Kisambaa hivyo, Kibondei hivyo, Kidigo hivyo. Kiingereza kinauliza kila mara, huwezi kupita bila kujibu. "Kwa hiyo hamkosei kwa ujinga," akasema, "mnakosea kwa sababu lugha yenu haikuwahi kuwadai jibu hilo. Kabla hujafungua mdomo, mwone mtu usoni kwanza." Akatufumbisha macho. Anataja: shangazi, dereva, bibi, kaka, muuguzi wa kiume. Sisi neno moja tu, she, he, she, he, he. Dakika kumi. Nilipofumbua macho nilikuwa nimeshaponywa, na hakuna aliyekuwa amechekwa.

Siku nyingine akavuta kiti, akaketi. "Nimefanya nini?" Tukasema, umekaa. Kwa Kiingereza? Darasa zima: "You have sat." Hakutusuta. Akasema hiyo -me- yetu ina kazi mbili. Kuna ya jambo lililokwisha tendeka, amefika, hiyo ndiyo "has arrived". Na kuna ya hali aliyomo mtu sasa hivi: amekaa, amelala, amevaa, amesimama, amechoka. Hiyo Kiingereza hakiitii "has", kinasema "is sitting", "is asleep", "is tired". Na tukiwa na "jana" ndani ya sentensi, hiyo "have" tuiache kabisa: sisi husema nimemwona jana, wao "I saw her yesterday". Mama lishe aligonga meza kwa furaha. Miaka mitano anawaambia wageni "food has finished, I have tired".

Halafu ikaja siku yangu. Akamgeukia mzee: "Mzee, hujanywa chai?" Mzee akajibu, "Ndiyo, sijanywa." Binti akasema, "Umesikia ulivyojibu? Umemkubalia aliyekuuliza. Mwingereza haangalii aliyeuliza, anaiangalia chai. Chai haikunywewa? Basi ni 'no' mwanzo mpaka mwisho. No, I haven't. Ingekuwa umekunywa, ni 'yes' hata kama swali lina 'not' ndani yake."

Niliinamisha kichwa juu ya meza. Mabegi manne yale. Yule bwana na mwenzake saa tano usiku. Kumbe lilikuwa jambo la dakika tatu, likielezwa kwa lugha niliyonyonya, na ningeweza kulipa 120,000 nisilijue kamwe kwa sababu ya kopo la maziwa.

Wiki zile mbili nilikuwa namwambia kila mtu, nendeni. Nilimwambia jirani yangu, nilimwambia shemeji yangu wa Muheza. Kwa hiyo kama umesikia kwangu sifa za kituo kile, ndizo hizo, na sizikani.

Mwalimu mwenyewe akarudi. Kopo likarudi mezani. Nilimfuata baada ya kipindi, kwa adabu, nikamwambia, "Mwalimu, siku ile uliniumiza, yule ni mama yangu na ni marehemu." Nilitegemea neno moja tu, samahani. Akasema, "Mama, ile ni mbinu ya kufundishia. Umeona sasa, huwezi kusahau tena." Na ni kweli sitasahau. Lakini aliyenifundisha "she" si yeye.

Nikashuka ofisini kuomba nirudishiwe ya wiki zilizobaki. Dada wa ofisini, simu sikioni, akaniambia ada hairudishwi, imeandikwa nyuma ya risiti. Niligeuza risiti mbele yake. Nyuma nyeupe. Akasema basi ndio utaratibu. Nikamuuliza kama binti atapewa darasa la jioni. Akasema yule hana cheti cha kutosha, ni wa kushikia tu.

Sasa mtaniuliza, niende nisiende? Nimebadilisha jibu mara tatu tangu nianze kuandika. Kama una moyo mgumu na unachotaka ni mazoezi ya kunakili, nenda, ubao uko na taa zinawaka. Hapana. Usiende. Mtu mzima ametoka kazini, ameacha watoto, amekubali kukosea mbele ya wadogo zake. Ukimcheka hapo umemfungia mlango ambao hataubisha tena. Mlinzi hajaonekana wiki ya tatu hii, na alipocheka mimi sikumlaumu, alikuwa anacheka ili zamu yake isifike.

Juzi simu ililia usiku. "So there's no room tonight?" Nikaona chumba kwanza, vyote vimejaa, ndipo nikajibu: "No, sir, there isn't." Akasema asante, akakata. Hakuna aliyekuja na mabegi.

Yule binti nilikutana naye sokoni Mgandini. Alinishika mkono kwanza akaniamkia. Nikamuuliza kama angekubali kutufundisha barazani kwangu, Makorora, baada ya magharibi. Akasema akipata watu watano atakuja, na ada tutapanga wenyewe. Mzee fundi amekubali siku hiyo hiyo, akasema atatutengenezea baiskeli bure. Mama lishe amekubali. Dereva mmoja wa lori amekuja mwenyewe kuniomba radhi, naye tumemwandika. Nami. Tuko wanne.